Siri ya Mtungi: Baraza la Chuo ni la Nani?

Safari iliyopita niliahidi kuandika juu ya watoto wetu na lugha. Ahadi hiyo ipo, lakini leo naomba niiweke kando, kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani tangu mwaka 2024 na naona halitatoka mpaka niliseme mbele ya watu.

Usiku mmoja wa Alhamisi mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinipigia simu kutoka chuoni kwake nchini Kenya. Saa zetu na za nyumbani ni moja, kwa hiyo sikuweza hata kusingizia kwamba nilikuwa nimelala. Aliniamkia vizuri, akauliza hali ya mke wangu na wanangu, akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno manne tu: "Mjomba, na wewe ulikuwepo."

Ili mwelewe maneno hayo, lazima nirudi nyuma.

Mwaka 2021 niliombwa kuingia katika kamati ndogo ya ujenzi ya baraza la chuo kikuu kimoja cha umma huko nyumbani. Sitakitaja jina, kwa kuwa shabaha yangu leo si chuo hicho. Walitaka mhandisi mwenye uzoefu, na kwa kuwa siku zile za korona vikao vyote vilifanyika kwa kompyuta, kukaa kwangu Riyadh hakukuwa kikwazo. Niliona fahari, sitaficha. Mtoto aliyesoma kwa harambee ya mtaa leo anaitwa kwenye baraza la chuo kikuu! Nilivaa koti na tai, nikaketi mbele ya kompyuta sebuleni, wanangu wakaambiwa wasipige kelele.

Katika kikao cha pili au cha tatu lililetwa ombi la nyongeza ya gharama ya hosteli mpya ya wanafunzi. Mkandarasi alisema amekuta udongo dhaifu, hivyo msingi lazima uende chini zaidi kuliko ulivyochorwa. Ndugu msomaji, msingi ndio kazi yangu. Ripoti ya udongo ilikuwa mbele yangu, nimeisoma usiku uliotangulia, na ilionyesha mwamba katika kina cha kawaida kabisa. Niliinua mkono, nikauliza: je, kuna shimo jipya lililochimbwa la kupima, au tunategemea maneno tu? Mwenyekiti akanijibu kwa upole sana, "Mhandisi, hilo tutalizungumza nje ya kikao." Nikasubiri mwingine aseme. Hakusema mtu. Nami nikazima kipaza sauti changu. Hilo "nje ya kikao" halikufika mpaka muda wangu katika kamati ulipokwisha.

Hosteli ilijengwa, na ni nzuri. Mwaka 2023 mpwa wangu akapata nafasi katika chuo hicho hicho, na mwaka uliofuata malipo ya hosteli yakapandishwa. Tangazo lilisema kupanda huko kunatokana na gharama za ujenzi. Akaniuliza, kama mtoto anavyomuuliza mjomba wake anayejua mambo, "Nani aliamua?" Nikamjibu jibu la watu wazima: mambo ya kikao ni siri ya kikao. Hakubishana. Alikwenda zake, akaisoma sheria.

Hapa naomba nitulie kidogo juu ya sheria hiyo, kwa sababu nimegundua wengi wetu huku nje hatuijui. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 ndiyo inayoeleza njia. Ombi huandikwa, na sheria yenyewe inasema laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza kwa nini unaitaka habari, na ukieleza, sababu yako haiwezi kutumiwa kukunyima. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ukinyimwa, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Sharti kubwa ni kuwa raia, na raia hapotezi uraia kwa kuishi Riyadh.

Uganda walitutangulia, sheria yao ni ya mwaka 2005. Tanzania Bara wana sheria yao ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi siku 30. Na wala si maneno ya karatasi tu. Mei 2022 Mahakama Kuu huko Mombasa iliiamuru serikali itoe mikataba ya reli ya SGR kwa wanaharakati wawili walioiomba wakanyimwa. Ikiwa mkataba wa reli ya mabilioni unaweza kudaiwa kwa barua, sembuse kumbukumbu za kikao cha hosteli?

Mpwa wangu aliandika ombi lake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Jibu la kwanza lilisema jambo hilo bado linashughulikiwa, hivyo haliwezi kutolewa. Sheria kweli ina kinga ya namna hiyo: jambo ambalo bado linafikiriwa na halijaamuliwa linaweza kuzuiwa. Binti akaandika tena, akauliza: linashughulikiwa vipi, nami nalala ndani yake? Safari hii alipewa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na orodha ya waliohudhuria, na jina langu lilikuwemo, pamoja na cheo na shahada. Ukurasa wa pili ulisema kamati iliridhia nyongeza ya gharama baada ya majadiliano. Basi. Jina langu lilikuwemo. Swali langu halikuwemo.

"Mjomba, na wewe ulikuwepo."

Nilianza kumweleza kwamba niliuliza, kwamba nilipinga moyoni, kwamba mwenyekiti alisema hivi na vile. Nikasikia sauti yangu mwenyewe nikaona haya. Ushahidi wangu uko wapi? Siri ile niliyoiita amana, niliyomfungia nayo mlango binti wa dada yangu, ilikuwa imenifunika mimi. Kwa miaka mitatu ilinipa nafasi ya kujisimulia kwamba nilikuwa mtu mwema ndani ya chumba kibaya. Siku karatasi ilipotoka nje, sikuonekana mwema wala mbaya. Nilionekana kama nilivyokuwa: mtu aliyehudhuria.

Kwa hiyo swali ninalowaletea leo ni hili: kikao cha chombo cha umma, kama baraza la chuo kikuu, ni cha nani? Ni cha waliomo chumbani, au cha walio nje wanaolipa na watakaolala ndani ya uamuzi?

Lugha yetu ina jibu lake. Kwetu Mombasa na Lamu, baraza ni nini? Ni kiti cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba, ubavuni mwa mlango, kikitazama njia. Wazee hukaa hapo baada ya alasiri, hunywa kahawa, huzungumza posa, mirathi na bei ya samaki. Anayepita husalimu, na akitaka hukaa. Mambo ya ndani yana mahali pake, ndani, nyuma ya daka na pazia. Baraza ni pale ambapo nyumba hukutana na mtaa. Tulipopata serikali na vyuo tukalichukua neno hilo hilo tukaviita vyombo vyetu mabaraza, kisha tukayaingiza ndani tukafunga mlango. Tumebaki na jina la kiti cha nje na tabia ya chumba cha ndani.

Mimi nilisoma shahada yangu katika chuo kikuu cha umma jimbo la Florida, Marekani, miaka ya tisini. Jimbo hilo tangu mwaka 1967 lina sheria ambayo wao huiita ya mwanga wa jua: vikao vya vyombo vya umma viwe wazi, vitangazwe kabla, na kumbukumbu ziandikwe. Tena sheria hiyo ni kali kuliko unavyodhani. Wajumbe wawili tu wa bodi moja wakikutana faragha wakazungumza jambo litakalofika mbele ya bodi yao, hicho nacho ni kikao, na kukificha ni kosa. Siku moja nilisikia kwamba bodi iliyosimamia vyuo vya jimbo ingekutana hapo chuoni, na ada ilikuwa mezani. Nilikwenda kwa sababu ada ilikuwa yangu. Nilitegemea askari mlangoni. Nilikuta viti vya ziada. Nyuma kabisa nilikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa akisafisha maabara zetu, amemaliza zamu, bado yumo ndani ya sare. Hakusema neno, nami sikusema. Ada ilipanda vilevile! Lakini nilitoka pale nikijua nani alisema nini, nani alipinga, na kwa hoja gani. Nililipa nikiwa na hasira, lakini sikulipa nikiwa kipofu.

Wala jambo hili halikuanzia Marekani. Uswidi walikuwa na sheria ya kuwafungulia raia nyaraka za serikali tangu mwaka 1766.

Sasa, nisije nikaonekana napiga ngoma upande mmoja. Upande wa pili una hoja, na baadhi ya hoja hizo ni nzito.

Hoja ya kwanza ni ya ukweli wa maneno. Wanasema watu wakijua wanasikilizwa hawasemi yaliyo moyoni, husema yanayopendeza. Mgombea wa uongozi wa chuo, akijua jina lake litatangazwa kabla hajapata, hatathubutu kuomba, maana mwajiri wake wa sasa atajua. Florida wenyewe, hao wa mwanga wa jua, mwaka 2022 walitunga sheria ya kuficha majina ya wanaoomba urais wa vyuo vikuu vya umma mpaka wabaki wachache wa mwisho. Hata jua la Florida, basi, limewekewa pazia.

Hoja ya pili ni kwamba ukifungua kikao, uamuzi huhama. Watapanga kwenye chai, kwenye simu, kwenye gari, kisha watakuja kikaoni kuigiza. Hii ni kweli, nimeiona. Lakini tazama inathibitisha nini. Katika kamati yangu mlango ulikuwa umefungwa kabisa, na bado jambo lilipelekwa "nje ya kikao". Mwenye kutaka kujificha hujificha hata ndani ya chumba kilichofungwa.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, nayo ni ya stara. Tumelelewa kusitiriana. Masheikh hutufundisha kwamba mabaraza ni amana, kwamba ulilolisikia katika kikao usilitoe nje. Mimi nililitumia fundisho hilo kumjibu mpwa wangu. Nilisahau, au nilijisahaulisha, kwamba fundisho lenyewe lina mapokeo yanayotaja vikao visivyo na amana hiyo: kikao cha kumwaga damu isiyo halali, kikao cha kuvunja heshima ya mtu, na kikao cha kula mali pasipo haki. Hata wale waliotufundisha kufunga mlango walitwambia mlango upi haufungwi. Na kama kodi na ada za watoto wa watu si mali, basi sijui mali ni nini.

Hata hivyo stara si neno la kuchezea, na hapa nataka niwapeleke Jeddah.

Wengi wenu mnajua chama chetu cha kufa na kuzikana pale Jeddah. Hakina ofisi, kina imani tu. Ijumaa baada ya magharibi tunakutana katika nyumba ya mmoja wetu, na katibu husoma mapato na matumizi riyali kwa riyali, kila mtu ana nakala mkononi. Katika hilo tunajisifu, na haki yetu. Mwaka mmoja, baadhi ya wenzetu walipokuwa hawajalipwa mishahara kwa miezi kadhaa, tuliamua chama kiwalipie watoto wao ada. Kikao kilichofuata katibu akasoma kama kawaida: jina la baba, majina ya watoto, kiasi. Mmoja wa akina baba hao alikuwa amekaa pale pale, karibu na mlango. Aliikunja nakala yake mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni, akaaga. Watoto waliendelea kulipiwa. Baba hatukumwona tena.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyedanganya. Uwazi wetu ulikuwa kamili, nao ulimvua mtu nguo mbele ya wenzake. Tangu hapo tulibadili. Sasa husomwa idadi na jumla, na majina hukaguliwa na watu watatu wanaochaguliwa kwa zamu, ambao mwaka unaofuata si wao tena. Hesabu iko wazi, uso wa mtu umesitiriwa.

Nimeyaweka mambo haya mawili kwenye mizani mara nyingi, ya chuo na ya Jeddah, na nadhani tofauti yake inaonekana. Jeddah tulimfunua asiye na uwezo. Kamatini tulimfunika mwenye uwezo. Stara iliwekwa kwa ajili ya mnyonge: mgonjwa, mwenye deni, mwanafunzi aliyefeli, mfanyakazi aliyeshtakiwa kabla hajasikilizwa. Sheria nayo inalijua hilo, ndiyo maana inalinda siri za mtu binafsi. Lakini mtu akikabidhiwa fedha na mamlaka ya wengine, katika yale aliyokabidhiwa hana stara ya kudai. Ana hesabu ya kutoa. Tunapochukua vazi la mnyonge tukamvika mwenye madaraka, tumewadhulumu wawili kwa pamoja.

Na ile hoja ya ukweli wa maneno? Nitaijibu kwa lugha ya kazi yangu. Zege likimwagwa huwa bichi, haliwezi kusimama lenyewe. Huzungushiwa mbao zinazolishikilia mpaka lishike. Anayezing'oa mbao hizo mapema analiua jengo, na hoja inayofikiriwa ni kama zege bichi, inahitaji mbao zake. Sipingi wajumbe wapewe faragha ya kupima, kukosea na kubadili mawazo. Lakini hakuna fundi anayeacha mbao kwenye nguzo milele. Siku yake ikifika zinatolewa, na nguzo inaonekana, kama ina mashimo yanaonekana. Tena hatungoji macho tu. Siku ya kumwaga tunachukua vipande vya zege hilo hilo, tunaviweka, na siku ya 28 tunavivunja kwa mashine, wenye jengo na mkandarasi wakitazama, namba inaandikwa. Zege hungoja siku 28, sheria hungoja 21. Anayesema jambo lililokwisha kujengwa na kukaliwa "bado linashughulikiwa" anatwambia nini, kama si kwamba anaogopa mbao zikitoka?

Tukiitazama historia ya vyuo vyetu tutaona kwamba karatasi za vikao si takataka za makatibu. Septemba 1968, Nairobi, wakati chuo kile kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waraka uliletwa mbele ya bodi ya kitivo cha sanaa juu ya mustakabali wa Idara ya Kiingereza. Mwezi uliofuata Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong wakaujibu kwa waraka wao, wakipendekeza idara hiyo ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Yalikuwa ni mambo ya ndani ya kitivo kimoja. Kama yangezikwa katika jalada, tungepata matokeo bila hoja. Kwa kuwa Ngũgĩ aliuchapisha waraka ule, mwaka 1972, dunia nzima imeusoma, na hata wasiokubaliana nao wanajua wanapingana na nini.

Dar es Salaam tulipata sura nyingine. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo wake, uliokemea kiburi cha viongozi. Julai mwaka huo huo Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi, alimwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akilalamika kwamba wanafunzi hawashirikishwi katika uendeshaji wa chuo. Alifukuzwa, akaondolewa chuoni na askari wenye silaha, akarudishwa Kenya. Wenzake waligoma. Barua ilikuwa ya wazi, na nadhani uwazi wake ndio uliouma. Miaka 44 baadaye, mwaka 2015, serikali ya Kenya ilitoa kanuni za uongozi bora wa mashirika ya umma, nayo ikaziita Mwongozo. Nilipoingia kamatini nilisoma kanuni hizo. Neno ni lile lile, na swali ni lile lile: mwongozo wa nani kwa nani?

Na Makerere, usiku wa Septemba 2020, moto uliteketeza jengo kuu, lile jeupe la mwaka 1941, lililokuwa na ofisi za fedha na za kumbukumbu za wanafunzi. Jengo limejengwa upya. Lakini mnakumbuka siku ile sote tuliuliza nini kwanza? Hatukuuliza juu ya paa. Tuliuliza: karatasi je? Palipo na mazoea ya kufungua majalada, moto ni msiba tu. Palipo na mazoea ya kuyafunga, moto huzaa dhana, na dhana haina zimamoto.

Hata mahakama zimeanza kuiona hoja hii. Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema mfumo wa kufadhili vyuo vikuu ulioletwa mwaka 2023 ulikuwa kinyume cha katiba, na moja ya sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ilikata rufaa, na mambo ya rufaa tuwaachie mawakili. Ninalolishika mimi ni hili: ada ya mtoto si jambo la kuamuliwa juu ya kichwa chake kisha akaletewa tangazo.

Huenda mtu akaniuliza, "Mhandisi, mbona hayo unayasema ya Nairobi na Florida, na wewe umekaa Saudi zaidi ya miaka ishirini?" Ni swali la haki. Hapa tulipo tunaishi jirani na vyuo vikubwa: Chuo Kikuu cha Mfalme Saud hapa Riyadh, cha mwaka 1957, na cha Mfalme Abdulaziz pale Jeddah, kilichoanza mwaka 1967 kwa michango ya watu wa mji kabla ya kuwa cha serikali. Mwaka 2019 walipata sheria mpya ya vyuo vikuu, yenye mabaraza ya wadhamini, na vyuo hivyo viwili vilikuwa miongoni mwa vitatu vya kwanza kuwekwa chini yake. Namna watakavyoyaendesha ni yao kuamua. Mimi ni mgeni, na mgeni mwenye adabu hapangi fanicha za mwenyeji wake. Lakini ugeni huu umenifundisha jambo. Hapa sidai barua ya kuandika wala siku 21 za kuhesabu. Nyumbani ninavyo vyote viwili, na katika maisha yangu yote sikuwahi kuvitumia. Aliyevitumia ni binti wa miaka ishirini. Sisi tulio nje tunapenda kulalamika kwenye simu mpaka usiku wa manane kwamba nyumbani kumeoza. Ni wangapi kati yetu tumeandika hata ombi moja?

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Nimekuwa kata. Nilizama ndani ya mtungi nikajua maji yana nini, nikatoka nikanyamaza. Lakini methali hiyo inaeleza tu nani anaijua siri, haisemi kwamba kata ina haki ya kunyamaza wakati watu wanakunywa.

Nilichofanya baadaye ni kidogo. Nilikiandikia chuo, nikaeleza swali nililouliza siku ile, nikaomba liingizwe katika kumbukumbu. Nilijibiwa kwa heshima kwamba kumbukumbu zilizokwisha kuthibitishwa hazibadilishwi, ila barua yangu itawekwa jaladani. Nimeridhika nusu. Jalada likifunguliwa siku nyingine, na litafunguliwa, barua itakuwemo, na tarehe yake itaonyesha kwamba nimechelewa miaka mitatu. Na iwe hivyo. Hiyo nayo ni kumbukumbu ya kweli.

Nilimtumia mpwa wangu nakala. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Ahsante mjomba. Sasa nitaomba ripoti ya udongo." Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza, kwa kuwa najua kilichomo ndani ya ripoti ile, na najua atakaposoma ukurasa wa mwamba atanipigia tena. Safari hiyo sitamwambia ni siri ya kikao. Nitamweleza maana ya kila mstari, na akiniuliza kwa nini sikusema kwa sauti kubwa zaidi, nitamwambia niliogopa kukosa adabu mbele ya wakubwa. Ndiyo sababu yenyewe. Sina nyingine.

Mkutano wa mwaka wa chama chetu Jeddah unakaribia, na nitasafiri inshallah. Nina pendekezo moja tu la kupeleka: kumbukumbu zetu zisiandike tu kwamba "wajumbe waliridhia", ziandike nani aliuliza nini na alijibiwa nini. Ni kazi kwa katibu, najua, na kalamu yake tayari imechoka. Lakini ningependa watoto wetu watakapozisoma waone kwamba tulikuwepo, na tulipokuwepo, tulisema.

Wasalaam.